KEYA WA BAMA AU MPISHI WA NAIROBI?

MSOMAJI wangu, kuna maneno ukiyatamka kwenye kikao cha ukoo hata chai inapoa kikombeni. Mjomba wangu aliyatamka Tabora mwaka 2024, siku ya arobaini ya ndugu yetu mmoja. Dua imesomwa, pilau limeliwa, watu wamejinyoosha kwenye mikeka wanapiga stori za wazee. Mara likaja jina la baba yake bibi yangu mzaa mama, ambaye ukoo mzima unamwita Mzee Bama kwa sababu alipigana na Wajapani kule Burma kwenye Vita Kuu ya Pili.

Mjomba akafuta mdomo na kusema: "Bama gani nyie? Yule mzee alikuwa mpishi Nairobi. Hakuvuka hata bahari."

Kimya! Bibi yangu, ambaye anakaribia miaka 80 na ndiye mtoto pekee wa huyo mzee aliyebaki hai, hakujibu kitu. Aliinuka polepole, akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lenye kutu na kuliweka mbele yangu. Sio mbele ya mjomba. Mbele yangu mimi, kijana wa Sinza niliyemaliza kidato cha nne na nisiye na kazi ya maana zaidi ya kuandika andika kwenye magazeti.

"Mume wangu," akaniambia (si mnajua tena utani wa bibi na mjukuu), "wewe si mwandishi? Basi nitafutie kama baba yangu alikuwa mwongo."

Ndani ya kopo kulikuwa na vitu vitatu tu. Medali moja ya duara isiyo na utepe. Kipande cha kitambaa kilicholiwa na mende, chenye kichwa cha kifaru. Na karatasi ya kuachishwa jeshi, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo maandishi yamefutika. Nikavipiga picha kwa simu upande huu na huu, kesho yake nikapanda basi kurudi Dar. Njia nzima nawaza, nimejiingiza wapi mimi?

Nilianza na medali, kwa kuwa ndiyo iliyong'aa. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Sita. Upande wa pili kuna simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945. Nikajua nimeua! Kumbe wapi. Hiyo inaitwa Medali ya Vita, na Mwingereza aliitoa kwa kila aliyetumikia jeshi lake siku 28 tu kati ya Septemba 3, 1939 na Septemba 2, 1945. Aliyekuwa mstari wa mbele anayo. Karani anayo. Na mpishi wa Nairobi, samahani Bibi, naye anayo.

Kwa hiyo mjomba alikuwa na hoja. Medali inayothibitisha Burma ni nyingine, ni nyota ya shaba yenye ncha sita inayoitwa Nyota ya Burma. Wako na Nyota ya Afrika, kwa waliopigana na Mtaliano Uhabeshi na Somalia, na Nyota ya 1939–45 kwa waliokaa kwenye uwanja wa vita miezi sita, yaani siku 180. Kwenye kopo hakukuwa na nyota hata moja.

Na kuna jambo lingine lililonichosha kabisa. Medali za Vita ya Kwanza Waingereza walizichonga ukingoni jina na namba ya askari, lakini hizi za Vita ya Pili walizigawa tupu kwa majeshi yao. Hazina jina! Ukiiokota njiani huwezi kujua ni ya nani. Ukiinunua sokoni, inafanana kabisa na aliyovaa shujaa. Hivyo mtu akikutambia na medali ya babu yake, mwambie alete na karatasi.

Nami karatasi ninayo, ila iko hoi. Nikakaa nayo kijiweni, nimeikuza kwenye simu mpaka herufi moja inajaza kioo. Washkaji wakanicheka wee. Mmoja akaniuliza kama natafuta urithi wa kiwanja.

Sasa kabla sijaendelea, kwa wale wenzangu ambao somo la historia walikuwa wanalala. Keya ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1902. Wazee wetu walichukua zile herufi K.A.R. wakazifanya neno la Kiswahili, keya. Kwenye Vita ya Pili Tanganyika ilitoa watu zaidi ya 80,000, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na machifu na mabwana shauri. Watu mara nyingi wananiambia nenda pale Sanamu la Askari, Posta, Babu yako yupo pale. Hayupo. Lile sanamu lilizinduliwa 1927 kwa ajili ya Vita ya Kwanza, na limesimama mahali palipokuwa na sanamu la gavana Mjerumani, Wissmann. Babu Mkuu wakati huo hata suruali hajavaa.

Na msidhani makeya walikuwa watu wa hivi hivi. Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini hapa hapa Dar, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa keya Burma. Waruhiu Itote wa Kenya, yule Jenerali China wa Mau Mau, naye alitoka Burma. Mwingereza aliwafundisha bunduki mwenyewe, halafu akashangaa waliporudi na maswali.

Tuendelee. Kwenye karatasi nilifanikiwa kusoma tarakimu 36, kisha K.A.R. Nikatafuta. Kumbe Batalioni ya 36 ilikuwa ya Tanganyika, na ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Na divisheni hiyo ilikuwa na alama gani begani? Kichwa cha kifaru! Hapo nikasimama mwenyewe chumbani, nikapiga makofi. Jirani akagonga ukuta.

Chini kidogo kulikuwa na herufi nne ambazo mjomba, alipozitazama zamani, alisema ni jina la fundi cherehani wa Nairobi: S.E.A.C. Mjomba bwana! Hiyo ni kamandi ya Asia ya Kusini Mashariki, iliyoundwa 1943 chini ya Mountbatten. Ndiyo iliyokuwa ikiongoza vita dhidi ya Mjapani upande wa Burma. Hakuna fundi hapo.

Lakini kilichonimaliza nguvu sio karatasi. Ni neno moja.

Nilipokuwa mdogo, kila tulipokwenda Tabora likizo, wakubwa walikuwa wakituigizia Mzee Bama alivyokuwa uzeeni. Alikuwa akikaa chini ya mwembe na fimbo yake, halafu ghafla anasema: "Kalewa! Kalewa! Maji mpaka hapa!" huku anajigusa kifuani. Watoto walikuwa wanakufa kwa kicheko. Nani kalewa, Babu? Wakaamua kwamba mzee anamsema rafiki yake mlevi aliyetumbukia mtoni. Ukawa utani wa ukoo. Mpaka leo mtu akizidisha kwenye harusi yetu, utasikia: "Huyo kafika Kalewa!"

Msomaji, Kalewa ni mji. Uko Burma, kwenye mto Chindwin. Divisheni ya 11 ilitoka Afrika 1943 ikaenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na mwaka 1944 ikaingizwa Burma. Ikapewa kazi ya kushuka bonde la Kabaw wakati wa masika yao. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria na homa za kila aina. Njia zote ni tope, magari yanazama, mizigo inabebwa kichwani na chakula kinadondoshwa kwa ndege. Na Mjapani amejichimbia kwenye vilima anakusubiri. Walitembea hivyo hivyo wakipigana miezi kadhaa, na Desemba 2, 1944 wakaiteka Kalewa. Hapo mafundi wa jeshi wakatega daraja la vyuma la zaidi ya mita 350 juu ya Chindwin, refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo, jeshi zima likavuka kumfukuza Mjapani.

Mzee alikuwa anatuhadithia vita, sisi tunacheka.

Na kuna kitu kingine watu wa Tabora wa makamo watakikumbuka. Ile kambi ya jeshi ya Tabora, ambako askari waliasi Januari 1964 pamoja na wenzao wa Dar, wakati huo iliitwa kambi ya Kalewa. Ilipewa jina la vita hiyo hiyo. Kama vile Lugalo ya Dar ilivyokuwa ikiitwa Colito, mahali pa Uhabeshi ambapo makeya walimpiga Mtaliano 1941. Yaani jibu la fumbo letu liliwahi kuandikwa getini, kilometa chache kutoka nyumbani kwa Bibi.

Nikampigia simu. Nikamwambia, Bibi, Kalewa ni mji. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akakata simu.

Habari ikasambaa. Na hapa ndipo ukoo ulipobadilika. Wiki hiyo nilipigiwa simu na watu ambao hata shikamoo yangu walikuwa hawapokei. Kuna mtu aliwaambia kwamba Malkia, sijui Mfalme, anawalipa mamilioni wajukuu wa makeya wenye medali. Mjomba yule yule wa mpishi wa Nairobi sasa ananiita "mpwa wangu kipenzi", na ameshachagua rangi ya pikipiki atakayonunua.

Jamani, medali za vita hazina mshahara! Ni kipande cha shaba na utepe. Kama kuna hela wanayodai makeya, ni ile waliyopunjwa siku wanaachishwa. Mwaka 2019 kituo cha Al Jazeera kilitoa habari ya hati ya zamani inayoonyesha kwamba kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi: mzungu alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Hilo ni deni, na sijasikia kitukuu hata mmoja aliyelipwa.

Nikafunga safari tena. Nilishasoma taratibu za ofisi ya medali ya wizara yao ya ulinzi na nikaona niziseme mbele ya watu wote, pikipiki ife mapema. Kwanza, anayeomba ni ndugu wa karibu zaidi aliye hai. Kwa hiyo sio mimi wala mjomba. Ni Bibi, na sahihi ni yake. Pili, medali ambayo askari hakuwahi kuipokea inaweza kuombwa bure hata leo. Tatu, ikiwa alipewa, kisha ikapotea kienyeji tu, hawatoi nyingine. Labda iwe iliibwa au iliungua, na uwe na ushahidi. Ukiipoteza, unaambiwa nenda kanunue kwa wafanyabiashara wa medali.

Mjomba hakungoja hata nimalize. "Rahisi! Andika hatukuwahi kupata nyota hata moja. Kopo si lenyewe hili? Nani atajua?"

Watu wakaitikia, kweli, kweli. Hata mimi, nisiwadanganye, niliona ni wazo bomba. Stori yangu ingekuwa na mwisho mzuri: bahasha inatoka Uingereza, Bibi anavalishwa Nyota ya Burma, picha ukurasa wa mbele.

Bibi akasema, "Tokeni nje wote. Abaki mume wangu."

Wakatoka wakinung'unika. Bibi akafunga mlango, akakaa kitandani. Alianza kukunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Halafu akaniambia kitu ambacho, kwa maelezo yake, hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu Babu mumewe.

Nyota ilikuwepo.

Baba yake aliitwa Boma miaka michache baada ya vita, akarudi na vitu viwili, cha duara na cha ncha. Cha ncha alikipenda. Alikuwa akikisugua kwa majivu mpaka kiwake, na siku za sikukuu alikibandika kwenye kanzu. Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba au nane. Siku moja akakiiba, akakifunga uzi, akakivaa shingoni kama kidani ili awaringishie wenzake. Wakaenda kucheza kwenye miembe, wakapanda juu, wakashuka, wakakimbizana. Jioni anajigusa shingoni, uzi upo, nyota haipo.

"Nilitafuta mpaka giza. Kesho yake nikatafuta tena. Siku ya tatu baba akafungua kopo."

"Akakupiga?"

"Hakunipiga. Angenipiga mbona ningeshasahau. Alinitazama, akafunga kopo. Mpaka anakufa mwaka 1983 hakuniuliza."

Sikuwa na la kusema. Fikiria, mjomba anasimama mbele ya watu anasema mzee ni mwongo kwa sababu koponi hamna nyota, na aliyeipoteza nyota amekaa hapo hapo kwenye mkeka, anamsikiliza. Kumbe ndiyo maana siku ile hakujibu.

Nikajaribu kumfariji. Nikamwambia, Bibi, nyota zile hazikuwa na jina. Tukichanga, tukanunua moja kwa wauzaji, itakuwa sawa sawa na ile, shaba ile ile, ncha zile zile. Hakuna mtu duniani atakayetofautisha.

"Mimi nitatofautisha," akasema. "Hiyo itakuwa imepotezwa na mtoto wa mtu mwingine."

Basi tukakaa chini na fomu. Nikamweleza kwamba bado kuna kitu cha haki cha kuomba. Alichokieleza ni nyota moja, na kwa alivyoivaa baba yake akisema ni ya Bama, hiyo ni Nyota ya Burma. Ile Nyota ya 1939–45 haikuwahi kufika nyumbani. Kuipata inategemea zile siku 180, na hapo kazi ipo. Kule Kew, London, kwenye nyaraka za taifa lao, zimehifadhiwa shajara za vita za vikosi vya upande huo, kwenye fungu linaloitwa WO 172. Maofisa waliandika kila siku kikosi kiko wapi na kimefanya nini. Ni shajara ya kikosi lakini, keya wa kawaida humkuti kwa jina ila kwa bahati. Inaweza kukuambia batalioni iliingia lini na kutoka lini. Kwamba Babu Mkuu alikuwa nayo siku zote hizo, hilo linabaki juu ya karatasi yetu iliyochanika mikunjoni.

Kuna na suala la jina. Karani aliyemwandikisha aliandika alivyosikia. Jina la Babu Mkuu la Kinyamwezi limepoteza herufi mbili na kuongezewa moja, na jina la pili sio la baba yake, ni la kijiji. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye keya kwenye ukoo: usitafute kwa spelingi ya nyumbani tu. Tafuta kwa makosa. Na usihangaike na orodha za makaburi ya vita kama mzee wako alirudi salama. Mule wameandikwa waliokufa. Mimi nilipoteza usiku mzima nikimtafuta kwenye makaburi ya Burma mtu aliyezikwa Tabora.

Bibi aliamuru niandike kila kitu. Kwamba Nyota ya Burma alipewa, ikapotea, na nani aliipoteza. Nikamwambia hilo la nani hawaliulizi. Akasema, "Andika." Akaweka sahihi yake kwa mkono unaotetemeka, herufi moja moja. Tukaambatanisha nakala ya karatasi na picha ya kifaru. Imekwenda, jibu bado.

Kisha akafungua mlango na kuwaita watu ndani. Akaniambia nisome karatasi kwa sauti, mahali pa 36 na mahali pa S.E.A.C., na nieleze Kalewa ni wapi. Nikaeleza mto, tope, na daraja. Nikamaliza, hakuna aliyecheka. Halafu Bibi akasema lake mwenyewe, lote, mbele yao. Mjomba aliangalia chini muda mrefu. Akasogea, akamshika mama yake miguu, akasema, "Nisamehe, mama." Bibi akamjibu, "Na pikipiki?" Watu wakaangua kicheko, hata mjomba mwenyewe.

Asubuhi yake naondoka na begi langu, nikasikia kelele nyuma ya nyumba. Bibi amekaa kwenye kigoda chini ya miembe, na mbele yake wapo vijana wawili wa vyuma chakavu, mmoja ana jembe, mwingine ana sumaku kubwa ya spika imefungwa kwenye kamba.

Nikamwambia Bibi, shaba haivutwi na sumaku.

"Ndiyo maana nimemleta na wa jembe," akanijibu. "Wewe wahi basi lako."